Gereza, Jela na Chuo cha Mafunzo

Gereza (wingi: magereza) ni nomino iliyotokana na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Irabu ya mwanzo ilidondoka, irabu e ikachopekwa kati ya g na r, na sauti ya j ya Kireno, isiyokuwamo katika Kiswahili, ikawa z. Umbo halina tatizo. Tatizo ni maana: kanisa liligeukaje kuwa mahali pa wafungwa?

Jibu mojawapo lingali limesimama Forodhani, Mji Mkongwe wa Unguja. Wareno walikuwa na kanisa hapo. Waomani walipowaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, walijenga ngome papo hapo, na mabaki ya kanisa yakaingia katika kuta zake. Jengo likabadilika, jina likabaki. Katika karne ya 19 watu walifungwa humo, na leo jengo huitwa Ngome Kongwe. Mombasa nako, Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyokuwa na kanisa ndani, ilitumiwa kufungia watu tangu 1895 hadi 1958. Kwa hiyo mfasiri wa hati ya zamani akikuta “askari wa gereza”, asikimbilie kuwaza walinzi wa wafungwa. Huenda ni wanajeshi wa ngome.

Jela ni mgeni wa baadaye, kutoka Kiingereza. Waingereza wenyewe walilipokea kutoka Kifaransa cha kale, na asili yake ni Kilatini caveola, kizimba kidogo. Lahaja mbili za Kifaransa ziliwaachia tahajia mbili, gaol na jail. Kiswahili kilifuata matamshi tu. (Kwamba nasi humpandisha mshtakiwa kizimbani ni sadfa, ingawa ni sadfa tamu.)

Katika matumizi, jela huelekea zaidi kwenye adhabu: “miaka mitano jela”. Gereza ni taasisi: Gereza la Ukonga, askari magereza.

Zanzibar, hata hivyo, jina rasmi la taasisi hiyo ni Chuo cha Mafunzo, na mfungwa aliyemo huweza kuitwa mwanafunzi. Hapa ndipo mfasiri asiye mwenyeji hunaswa. Habari kwamba Rais amewasamehe wanafunzi wa Chuo cha Mafunzo, ikifasiriwa neno kwa neno, itamfanya msomaji wa ng’ambo aulize walikosa nini darasani.