Geji ya Mafuta Isiposema Kweli

Land Rover Series III iliacha kuundwa mwaka 1985, lakini mpaka leo utaikuta ikibeba mbolea, mahindi na watu. Katika ile fupi ya inchi 88 kati ya ekseli, tangi la mafuta la lita 45 hivi limekaa chini ya kiti cha mbele cha kulia. Nyanyua kiti, fungua kifuniko cha bati, nawe utakuwa umefika kwenye kipimo cha tangi na waya wake. Ndiyo maana nimelichagua gari hili kuelezea tatizo linaloyakumba magari mengi yenye umri: mshale wa mafuta uliolala sifuri hata tangi likijaa, au uliosimama juu mpaka gari linapozimika njiani.

Dawa inayotolewa mara nyingi ni kununua. Mwenye gari anatumwa kwenye maduka ya spea ya Gerezani au Kirinyaga Road akatafute kipimo cha tangi. Kikifungwa na mshale usinyanyuke, anarudi kununua geji ya dashibodi. Sikubaliani kabisa na utaratibu huo. Geji ya zamani ni mzunguko wa umeme wenye sehemu chache, na kipande cha waya kinatosha kuonyesha sehemu iliyoharibika kabla hata shilingi moja haijatoka mfukoni.

Tuufuate umeme wenyewe. Unatoka kwenye betri, unapita swichi ya ufunguo na fyuzi, unaingia kwenye kifaa kidogo cha kutuliza volti nyuma ya dashibodi, kisha kwenye geji. Ukitoka kwenye geji unashuka kwa waya mmoja wa kijani wenye mstari mweusi hadi kwenye tangi. Humo ndani, kwenye kipimo cha tangi, kuna boya, kama lile la simtanki ya maji, ila hili halifungi maji. Linainua na kushusha mkono wa chuma. Mwisho wa mkono huo pana ulimi mdogo unaoteleza juu ya waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Mafuta yakipungua, umeme hulazimika kupita sehemu ndefu zaidi ya waya huo, ukinzani unaongezeka, na umeme unaofika kwenye bodi ya gari ili urudi kwenye betri unakuwa kidogo.

Geji nayo haina mashine kubwa. Ina kibapa cha metali mbili zilizoshikanishwa, kilichozungushiwa waya wa kupasha joto. Umeme mwingi hukipasha sana, nacho hupinda na kuusukuma mshale juu. Kwa sababu kazi yote inafanywa na joto, mshale huchukua muda kupanda baada ya kuwasha swichi. Kwangu mimi huo ni ubunifu mzuri sana: katika barabara ya makorongo mafuta yanaruka ndani ya tangi, boya linacheza, lakini mshale unatulia kwa kuwa joto halibadiliki upesi kama mawimbi.

Hapo pia ndipo unapoonekana umuhimu wa kile kifaa cha kutuliza volti. Betri hutoa volti 12 injini ikiwa imezimwa, na zaidi ya 13 injini ikinguruma. Bila kutulizwa, mshale ungepanda kila ukikanyaga mafuta. Kifaa hicho hukata na kuunga umeme mfululizo ili wastani uwe volti 10, na hulisha geji mbili, ya mafuta na ya joto la maji. Kwa hiyo kabla hujashika bisibisi, zitazame zote mbili. Zikilala pamoja, fyuzi yao ikiwa nzima, kifaa hicho ndicho cha kwanza kushukiwa. Zikipanda kupita kiasi kwa pamoja, huenda kifaa kimegoma kukata umeme, au skrubu inayokishikanisha na bodi imelegea au imeshika kutu. Ukiipima volti kwa mita ya kawaida utaona namba zinarukaruka. Hivyo ndivyo kinavyofanya kazi kikiwa kizima.

Ikiwa geji ya mafuta peke yake ndiyo inayosumbua, nenda kwenye tangi. Swichi ikiwa imezimwa, chomoa ule waya wa kijani na mweusi, hakikisha haugusi kitu, kisha washa swichi. Mshale unapaswa kulala chini kabisa. Ukiwa bado uko juu, waya umechubuka mahali fulani na unagusa bodi. Zima tena, unganisha ncha ya waya huo na metali safi ya bodi, mbali na mdomo wa tangi, kisha washa. Sasa mshale upande taratibu kuelekea alama ya tangi lililojaa. Ukikaribia huko, zima mara moja, kwa sababu umeme usiopunguzwa unaweza kuunguza geji. Wengine hupitisha umeme huo katika balbu ndogo ya kupimia ili kuilinda geji, nami naona ni busara. Mshale ukitii majaribio yote mawili, basi geji ni nzima, waya ni mzima, na kasoro iko upande wa tangi. Usipopanda kabisa, rudi juu: unganisha na bodi ile ncha ya waya wa tangi pale nyuma ya geji yenyewe. Ukipanda hapo, waya umekatika njiani.

Lakini usikimbilie kulifungua tangi. Katika magari ya umri huu mkosaji wa mara kwa mara ni njia ya umeme kurudi kwenye betri. Kipimo cha tangi kinategemea chuma cha tangi, tangi linategemea boliti zake, boliti zinategemea bodi. Kila palipoungana panaweza kuwa na kutu, rangi mpya iliyopulizwa juu ya tope, au boliti iliyolegea. Bodi ya Land Rover ni ya alumini juu ya fremu ya chuma cha kawaida kinachoshika kutu, na metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, hasa karibu na bahari, zinalana. Kinachotokea si lazima umeme ukatike kabisa. Ukinzani kidogo unaongezeka, na geji, isiyojua ukinzani umetoka wapi, inaonyesha mafuta pungufu kuliko yaliyomo. Chukua waya safi, unganisha mwili wa kipimo cha tangi na hasi ya betri, ukianzia upande wa tangi na kumalizia kwenye betri ili cheche isitokee karibu na mvuke. Mshale ukiamka, kazi imekwisha: kwangua kutu, kaza boliti, na ukipenda uache waya huo moja kwa moja.

Usipoamka, sasa ndipo tangi lifunguliwe. Toa waya wa betri kwanza. Fanya kazi nje, penye hewa, pasipo sigara wala jiko karibu, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini hadi ukutane na moto. Tangi lenye mafuta kidogo ni la kuogopwa kuliko lililojaa, maana nafasi iliyobaki imejaa mvuke uliochanganyika na hewa.

Kikishatoka kipimo, tikisa boya. Ukisikia mafuta yakicheza ndani, limetoboka na halielei tena. Boya la shaba huweza kuzibwa kwa risasi ya kulehemu, lakini lisiguswe na joto lolote kabla ya kukaushwa kabisa ndani. Kisha weka mita kwenye omu, kati ya kichwa cha waya na mwili wa kipimo, na usogeze mkono polepole kutoka juu hadi chini. Namba ziongezeke bila kuruka, kutoka makumi machache ya omu hadi zaidi ya 200. Pale mita inapoonyesha umeme umekatika, waya umelika.

Mara nyingi utaona umelika upande wa chini, na nadhani sababu ni namna tunavyonunua mafuta. Ukijaza ya elfu kumi leo na elfu kumi keshokutwa, ulimi hushinda ukisugua sehemu ileile ya mwisho mwaka hadi mwaka, kila tuta na kila shimo. Geji inakufa hasa pale dereva anapoihitaji zaidi. Ukiweza, pinda ulimi kidogo sana upite pembeni, juu ya waya ambao haujaguswa. Utadumu muda wa kutosha kutafuta spea kwa utulivu.

Spea yenyewe ichaguliwe kwa omu, isichaguliwe kwa kufanana sura. Land Cruiser nyingi za miaka ya 1980 husoma omu 3 hivi likijaa, 32 hivi katikati na 110 likiwa tupu. Vipimo vingi vya Ulaya vya aina ya VDO hukwenda kinyume, 10 tupu na 180 likijaa. Ukifunga kimojawapo kwenye Land Rover, mshale utapanda kadiri mafuta yanavyokwisha. Mita ya bei nafuu dukani inakuepusha na hilo kwa nusu dakika.

Unaporudisha, weka gasketi mpya isiyoyeyushwa na petroli. Kisha tumia kidumu kilichopimwa: mimina lita tano, subiri mshale utulie, andika umefika wapi, mimina nyingine tano. Mshale ukionyesha sifuri wakati bado zimo lita tano au sita, uache hivyo hivyo. Ukionyesha robo wakati tangi limekauka, toa kipimo tena na uupinde mkono wa boya kidogo kwenda juu, ili boya likiwa chini kabisa ulimi uwe umefika mwisho wa waya.