Saratani ya utumbo mpana: damu inaeleza nini?

Mgonjwa aliyegundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana huwa na swali moja linalomnyima usingizi: je, nitapona? Daktari hutazama kwanza uvimbe umefika wapi, kama umebaki kwenye ukuta wa utumbo, umeingia kwenye matezi ya jirani au umesambaa hadi kwenye ini. Hata hivyo, wagonjwa wawili wa hatua moja huweza kutofautiana sana. Sehemu ya tofauti hiyo huonekana kwenye damu.

Jeraha likiwa jekundu, likapata joto na kuvimba, huo ni mchochota, yaani mwili unajihami. Mwaka 1863 daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliuhusisha mchochota na saratani, kwa kuwa aliona chembe nyeupe za damu ndani ya uvimbe. Jeraha hupona, mchochota ukaisha. Kwenye saratani huweza kuendelea, na badala ya kumlinda mgonjwa ukamdhoofisha.

Wakati huo ini humwaga kwenye damu protini iitwayo CRP, na albumini hushuka. Madaktari wa Glasgow, Uskochi, walitengeneza alama kwa vitu hivyo viwili. CRP ikizidi miligramu 10 kwa lita, mgonjwa hupata alama 1. Ikiwa na albumini yake iko chini ya gramu 35 kwa lita, hupata 2. CRP isipozidi hapo, ni sifuri. Kadiri alama inavyopanda ndivyo matumaini ya kuishi muda mrefu yanavyopungua.

Njia nyingine ni ya gharama ndogo zaidi, nayo ni ile picha kamili ya damu ya kila siku. Idadi ya nyutrofili hugawanywa kwa idadi ya limfosaiti, ambazo ndizo hupambana na chembe za saratani. Uwiano uliozidi 5 umehusishwa na matokeo mabaya, ingawa watafiti hawajaafikiana juu ya mpaka huo.

Tahadhari: vipimo hivi havigundui saratani. Malaria au nimonia hupandisha CRP, na dawa kama deksamethasoni hupandisha nyutrofili, hivyo mweleze daktari unachougua na unachomeza kabla ya kutolewa damu. Na anayeona damu kwenye choo, asijiambie tu kwamba ni bawasiri. Aende hospitali aangaliwe utumbo kwa kamera.