Kisindano cha kutoboa kidole ni cha mtu mmoja

MFUGAJI wa Entarara, kaunti ya Kajiado, hahitaji kufunzwa kwamba damu yaweza kutolewa bila kumdhuru anayetolewa. Tangu jadi, Wamaasai hutoboa mshipa wa shingo ya ng’ombe kwa mshale uliowekewa kizuizi karibu na ncha, ili usizame kupita kiasi.

Kisindano cha kutoboa kidole cha mgonjwa hufuata kanuni iyo hiyo. Ncha yake hupenya ngozi kwa kina kidogo tu, ikafikia mishipa midogo mno, na tone moja hutosha kupima sukari, malaria au virusi vya Ukimwi.

Vifaa hivi ni vya aina mbili kuu. Kuna kile cha kutumiwa mara moja, ambacho ncha yake hurudi ndani baada ya kutoboa, isiweze kutumika tena. Cha pili hufanana na kalamu: kisindano hubadilishwa, kalamu ikabakia.

Hatari imo katika hiyo kalamu. Mwezi Agosti 2010, mamlaka za afya za Marekani zilionya kwamba haifai kutumiwa na zaidi ya mtu mmoja, hata kisindano kikibadilishwa. Damu isiyoonekana kwa macho huweza kubakia juu yake, na virusi vya homa ya ini aina ya B huishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi.

Suala hili limekaribia maboma yetu zaidi tangu Septemba 2023, serikali ya Kenya ilipowapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye mashine za kupimia sukari nyumbani kwa wananchi. Upimaji huo ni wa manufaa makubwa, mradi kila mtu atobolewe kwa kisindano kipya cha kutumiwa mara moja. Mwananchi ana haki ya kuona kikifunguliwa mbele yake.

Anayejipima nyumbani naye anawe mikono kwa sabuni na kuikausha, kwani mabaki ya chakula kitamu hupotosha kipimo. Atoboe ubavuni mwa ncha ya kidole, ambako maumivu ni machache, wala asikikamue kwa nguvu. Kisindano kilichotumika kitiwe katika chombo kigumu chenye kifuniko, mbali na watoto.

Mume na mke, mama na mwana, wanaweza kula sahani moja. Kalamu ya kutoboa kidole, kila mmoja awe na yake.