Kabla hujabadilisha boneti ya gari la kale, soma haya

Jumamosi moja ya mwezi wa Februari nilikuwa nimempakia mama kwenye Datsun 240Z aliyotuachia marehemu baba. Tulikuwa tunatoka Likoni kumjulia hali mama mdogo. Foleni ya feri ilikuwa ndefu na jua lilikuwa la utosini. Tulipopanda feri nilizima injini kama inavyotakiwa. Tulipofika upande wa kisiwani nikapiga stata: kimya. Nikapiga tena na tena. Nyuma yangu honi zilianza kulia, hadi vijana wa mikokoteni wakatusukuma kupanda ngazi ile mbele ya umati mzima.

Mama hakuniteta. Alisema neno moja tu: "Mwanangu, baba yako hakuwahi kusukumwa hapa."

Usiku huo ndugu yangu mdogo akaja na suluhisho lake. "Kaka, nitaleta grainda kesho. Tuitoboe boneti, joto litoke." Nilimwambia ajaribu kuigusa aone. Lakini hoja yake haikuwa ya kipuuzi, na makala hii ni yale niliyojifunza tangu siku hiyo. Wenye magari ya zamani hapa Pwani ni wengi kuliko tunavyodhani, na wengi wao wanatamani boneti ya mtindo mwingine bila kujua wanachokitafuta.

Kwanza, kwa nini gari lilizima? Datsun 240Z ina injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 2393, na kabureta mbili. Katika injini hii njia ya kuingiza hewa na njia ya kutoa moshi ziko upande mmoja. Kwa maneno mengine, kabureta zimekaa juu ya bomba la moto. Gari likitembea, upepo hupoza. Likisimama, na hasa ukizima injini iliyokwisha kupata moto, joto hupanda juu, likakwama chini ya boneti, na petroli iliyomo kwenye kabureta ikaanza kuchemka na kugeuka mvuke. Injini haiwashwi kwa mvuke wa namna hiyo. Ukingoja nusu saa itawaka kana kwamba haikuwa na ugonjwa wowote.

Kampuni yenyewe ililitambua jambo hili la joto. Magari ya ukoo huu yalianza na 240Z mwishoni mwa 1969, ikafuata 260Z, kisha 280Z. Modeli ya 280Z ya mwaka 1977 ilitoka na boneti yenye matundu ya mapezi pande mbili, mfano wa matamvua ya papa. Umbo la bodi halikubadilika sana, kwa hiyo boneti ya 280Z hukaa kwenye 240Z bila kukata chochote. Ndiyo maana wapenzi wa magari haya duniani kote huitafuta.

Hapa nchini gari hili lina heshima yake. Edgar Herrmann alishinda Safari Rally nalo mwaka 1971, na Shekhar Mehta akashinda nalo mwaka 1973. Magari yale ya mashindano yalikuwa mekundu yenye boneti nyeusi isiyong'aa, rangi inayosaidia mwanga wa jua usimrudie dereva machoni. Baba alilinunua lake kwa mapenzi ya enzi hizo. Boneti yake ina alama ndogo ya kubonyea karibu na taa ya kushoto, na kila mtu nyumbani anajua nani aliyeangusha nazi.

Sasa tuje kwenye mitindo. Boneti za kubadilisha ziko za namna tatu kuu, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni yenye matundu ya mapezi. Kazi yake ni kutoa hewa moto. Ifikirie kama madirisha ya mbao ya Mji wa Kale: hewa inapita, jua linazuiwa. Gari likisimama, joto linapanda lenyewe na kutoka. Kwa mtu anayekaa kwenye foleni za Mombasa, hii ndiyo yenye faida.

Ya pili ni yenye mdomo unaotazama mbele. Huingiza hewa, lakini kama mdomo huo haukuunganishwa na kabureta basi ni pambo tu. Vumbi na maji huingia, joto halitoki.

Ya tatu ni yenye mdomo unaotazama nyuma, kuelekea kioo cha mbele. Wengi hudhani hutoa joto. Gari likienda kasi, hewa hugonga kioo na kujirundika pale chini ya waipa, hivyo mdomo huo huvuta hewa ya baridi kuingia. Chevrolet Camaro ya 1969 iliuzwa na boneti ya aina hiyo kwa ajili ya kulisha injini hewa. Ukiwa umesimama joto kidogo litatoka hapo, lakini ukishika barabara kuu mambo yanageuka.

Baada ya mtindo, angalia kitu kilichotumika. Bati la chuma ni imara na fundi yeyote wa bodi analijua, lakini chumvi ya bahari hulila kuanzia ndani, kwenye mikunjo usiyoiona. Aluminiamu ni nyepesi, ila hubonyea upesi na si kila fundi anaweza kuichomelea. Faiba haishiki kutu. Hata hivyo hutetemeka ikiwa nyembamba, hupasuka badala ya kukunjika inapogongwa, na inaweza kushika moto, kwa hiyo kizima moto ndani ya gari ni lazima. Kaboni ni nyepesi na ya kupendeza, lakini jua letu huifanya ipauke ikiwa haikupakwa vanishi ya kuikinga.

Mimi niliangukia kwenye faiba. Kuagiza boneti ya 280Z ng'ambo, pamoja na usafiri na ushuru, kulinishinda. Nikamwendea fundi mmoja wa boti za faiba huko Kilifi, mzee tunayemwita Ami. Aliitazama boneti ya baba kwa muda mrefu, akaipapasa kama anavyopapasa ubavu wa mtumbwi, kisha akasema, "Hii haikatwi. Tutaitumia kama kalibu." Akaipaka nta, akachukua umbo lake, akairudisha kwangu bila mkwaruzo. Matundu aliyatengeneza kwenye ile mpya.

Kosa lilikuwa langu. Nilimharakisha, na boneti ya kwanza ikatoka bila mbavu za ndani. Kwenye barabara ya Malindi ilikuwa ikipumua juu na chini mbele ya macho yangu. Bahati nzuri, boneti ya 240Z ina bawaba mbele na komeo lake liko nyuma, karibu na kioo, kwa hiyo upepo huikandamiza badala ya kuifungua. Kwa gari lenye bawaba nyuma ningeweza kuzibwa macho nikiwa mwendoni. Nilimrudia Ami nikiwa nimeinamisha kichwa. Akaniambia, "Haraka haijengi chombo, mjukuu wangu," akaweka mbavu.

Ukifika wakati wa kufunga, fuata utaratibu huu. Piga picha na upime nafasi za pembeni kabla ya kufungua. Chora mstari wa kalamu kuzunguka bawaba ili ujue zilipokaa. Weka vitambaa kwenye pembe za nyuma, maana ndipo boneti inapochubua bodi. Muwe watu wawili. Mmoja ashike, mwingine afungue bolti. Ukiweka mpya, kaza bolti nusu, ishushe polepole kwa mkono, na uangalie kama inagusa kisafisha hewa au kabureta. Usiipige kuifunga mara ya kwanza. Komeo likikaa sawa, kaza, endesha taratibu, kisha kaza tena.

Kabla ya haya yote, nenda kwa makanika. Nilipokagua, niligundua bati la kuzuia joto kati ya bomba la moto na kabureta lilikuwa limelika na kutu. Nililirudishia kwanza, nikasafisha radieta, nikarekebisha taimingi. Nusu ya ugonjwa ulikuwa hapo, na boneti peke yake isingeuponya.

Usisahau bima: wajulishe mabadiliko kwa maandishi. Na ukitaka kubadilisha rangi, iulize NTSA kwanza ili maelezo ya gari yalingane na yaliyosajiliwa. Mimi nilipaka rangi ileile ya gari, nikaepuka maswali barabarani.

Matokeo? Foleni ya Likoni sasa naingia bila kuomba dua ndefu. Ila masika ya kwanza yalinifunza adabu. Maji yalipenya kwenye matundu, yakadondokea distributa, na asubuhi gari likakataa kuwaka. Nikaweka kisahani cha bati chini ya matundu ya upande huo, chenye njia ya kumwaga maji pembeni. Anayekuuzia boneti ya matundu bila kukutajia mvua anakuficha nusu ya habari.

Boneti ya baba haikuuzwa. Niliiosha kwa maji yasiyo na chumvi, nikaikausha juani, nikaipaka mafuta ndani ya mikunjo, nikaitundika ukutani. Usiilaze kwenye sakafu ya saruji, unyevu utaimaliza. Ndugu yangu mdogo siku moja akitaka kulirudisha gari kama lilivyokuwa, zitahitajika spana na watu wawili, hakuna zaidi.

Mwezi uliopita nilimvusha mama tena. Feri ilipotia nanga nikapiga stata, injini ikaitika mara ya pili. Mama akatazama mbele, kwenye yale matamvua, akauliza kama nazi ya nani ile bado ipo. Nikamwambia ipo, ukutani.