Shokapu za Nyuma na Kimo cha Pikipiki: Mambo ya Kuzingatia kabla ya Kununua

Katika maeneo yetu ya Shinyanga, Kahama na Geita pikipiki ni chombo cha huduma. Humfikisha katekista kigangoni na mhudumu wa afya vijijini na dawa zake. Barabara nyingi ni za vumbi na makorongo, na wakati wa mvua udongo mweusi wa mbuga huteleza sana.

Malalamiko yanayofika kwenye kamati mara nyingi ni mawili: nyuma inagonga kwenye mashimo, na miguu haifiki chini. La pili huwapata zaidi akina mama, kwani pikipiki za porini kama Honda XL 125 na Yamaha DT 125 zimeinuliwa ili zivuke mashimo. Asiyefika chini huanguka na mzigo anaposimama kwenye tope. Mwishowe chombo hupewa mtu mwingine, na huduma iliyokusudiwa haifanyiki.

Kabla ya kutoa fedha, tunashauri hatua zifuatazo:

1. Pimeni. Inueni gurudumu la nyuma, mpime kwa futi kamba kutoka ekseli hadi alama kwenye madigadi. Shusheni, mwendeshaji akae na mzigo wake wa kawaida, mpime tena. Tofauti ikizidi theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu, springi imelegea au mzigo umezidi.

2. Rekebisheni kilichopo. Shokapu nyingi zina pete ya kukazia springi. Ikazwe mzigo unapoongezeka, ilegezwe anapopanda mtu mmoja mwepesi. Kazi hii haina gharama. Kulegeza pete hushusha kimo kidogo, lakini ikizidi pikipiki itagonga.

3. Badilisheni inapobidi. Springi hubeba uzito. Mafuta yaliyo ndani ya shokapu huizuia isidunde. Mafuta yakivuja, kukaza pete hakusaidii. Penye shokapu mbili, zibadilishwe zote kwa pamoja, zenye urefu sawa na za awali kutoka tundu hadi tundu. Msichague springi ngumu kwa sababu tu inaitwa imara: mtu mwepesi hurushwa nayo, na tairi hupoteza mshiko kwenye changarawe.

4. Kushusha kimo kuanzie kwenye kiti. Fundi wa viti anaweza kupunguza sponji na kuibana pande zote mbili ili mapaja yasitanuke. Shokapu haziguswi, na kiti kinaweza kurudishwa kama kilivyokuwa.

5. Shokapu fupi iwe hatua ya mwisho. Kwenye pikipiki yenye shokapu moja katikati, kama DT, kupunguza sentimeta 1 ya shokapu hushusha nyuma kwa sentimeta 2 au zaidi. Mbele nako kushushwe kwa kiasi kinacholingana, la sivyo usukani hubadilika na taa humulika juu. Fundi ahakikishe tairi haigusi madigadi nyuma inapobonyea, apime upya cheni, na afupishe stendi ya pembeni. Kumbukeni pia kwamba injini itakuwa karibu zaidi na mawe.

Msikubali springi ikatwe au ichomwe moto. Ikikatwa huwa fupi na ngumu zaidi, na ikichomwa hupoteza nguvu. Zote mbili zinaweza kuvunjika njiani.

Kwa kamati za parokia: atakayeendesha akalie pikipiki kabla haijanunuliwa, miguu yake ikanyage chini. Kwa wafadhili wetu: tunaomba bajeti ya chombo iwe pia na fungu la vipuri na marekebisho. Kiti kilichopunguzwa ni gharama ndogo sana ikilinganishwa na pikipiki nzima, lakini ndicho kinachoweza kumwezesha muuguzi kwenda mwenyewe badala ya kusubiri kupelekwa.