Vitonge vya Chokoleti Visivyookwa: Joto Lililotangulia

Vitonge vya chokoleti ni chakula kitamu ambacho mtu aweza kukitengeneza nyumbani bila tanuri. Asili yake ni Ulaya. Wafaransa walivipa jina la uyoga wa thamani kubwa uotao chini ya ardhi, kwa kuwa vitonge hivyo, vikiisha kugaragazwa katika unga wa kakao, hufanana nao kwa umbo na rangi. Vyombo vinavyohitajiwa ni bakuli, mwiko, sufuria moja na mikono safi. Kwa sababu ya wepesi huo, wengi hudhani kwamba hamna sayansi ya kujifunza ndani yake.

Dhana hiyo si sahihi. Chakula kisichookwa hakikukosa moto. Moto wake umekwisha kufanya kazi mahali pengine, kabla vitu havijafika jikoni. Atakaye vitonge laini na salama hana budi kufahamu moto huo ulifanya nini, na ni jambo gani ambalo haukulifanya.

Safari ya mbegu

Mkakao huitwa na wanasayansi Theobroma cacao. Jina hilo, alilolitoa Carl Linnaeus mwaka 1753, lina maana ya chakula cha miungu. Mbegu yake ikitolewa katika tunda huwa chungu, wala haina harufu ya chokoleti. Wakulima huzirundika mbegu pamoja na utando wake mweupe wenye sukari, wakazifunika, mara nyingi kwa majani ya migomba. Hamira za asili huigeuza sukari hiyo kuwa alkoholi, kisha bakteria huigeuza alkoholi kuwa asidi ya siki. Kazi hiyo ya vijidudu huzaa joto, hata rundo likafikia nyuzi 45 hadi 50 za sentigredi. Mbegu hufa, na ndani yake huanza mabadiliko ya kikemia yanayoandaa ladha ya chokoleti.

Baada ya siku tano hadi saba mbegu huanikwa juani. Hatimaye hukaangwa, aghalabu katika nyuzi 120 hadi 150, na hapo ndipo harufu ya chokoleti inapotokea. Ukaangaji huo pia huua vijidudu vingi vilivyobebwa tangu shambani. Mbegu hizo zikisagwa hutoa rojo zito, kwa maana karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Mwaka 1828, huko Uholanzi, Casparus van Houten alipata hataza ya mashine ya kukamua mafuta hayo. Makapi yaliyobaki yakisagwa ndiyo unga wa kakao tuujuao. Na mafuta yaliyokamuliwa, yakichanganywa na rojo la kakao na sukari, huleta chokoleti ngumu ya kutafuna.

Mafuta yayeyukayo kinywani

Mafuta ya kakao yana tabia ya pekee. Sehemu kubwa ya molekuli zake ni za aina tatu tu, zinazofanana sana, zilizoundwa kwa asidi za palmitiki, steariki na oleiki. Kwa kuwa zinafanana, hujipanga kwa urahisi na kufanya fuwele. Lakini hujipanga kwa namna zaidi ya moja: wataalamu wamezitambua namna sita, na kila moja ina kiwango chake cha kuyeyuka, kuanzia nyuzi 17 hivi hadi 36. Ile inayotafutwa viwandani ni ya tano, iyeyukayo katika nyuzi 34 hivi. Kiasi hicho ni kidogo kuliko joto la mwili wa binadamu, ambalo ni nyuzi 37. Ndiyo sababu chokoleti nzuri huvunjika kwa mlio mkononi, lakini huyeyuka ulimini.

Mchana wa Januari mjini Dar es Salaam joto la hewa hupita nyuzi 30. Katika joto hilo chokoleti hulainika, na fuwele zake huvurugika. Ikipoa tena bila uangalizi, mafuta hupanda juu na kuganda kama utando mweupe. Wengi huutupa mche wa namna hiyo wakidhani umeota kuvu. Kwa kawaida utando huo ni mafuta tu, na hauna madhara. Kilichopotea ni mng'ao na ule mlio wa kuvunjika.

Hapa ndipo vitonge vinapomfaa mtu wa nyumbani. Kitonge hakidaiwi mng'ao wala mlio. Kinadaiwa ulaini, na ulaini huo hutokana na ndoa ya maji na mafuta.

Maji ndani ya chokoleti

Kila mpishi ajua kwamba maji na mafuta havipatani. Hata hivyo maziwa na tui la nazi ni maji na mafuta yanayokaa pamoja. Michanganyiko ya namna hii huitwa emalsheni: matone madogo mno ya mafuta yametawanyika ndani ya maji, na kila tone limezungukwa na protini au vitu vingine vinavyolizuia lisiungane na jenzake. Tui likichemka kwa nguvu bila kukorogwa hukatika, yaani kinga hiyo huvunjika na mafuta hujitenga.

Chokoleti iliyoyeyushwa ni kinyume cha tui: ndani yake chembe za sukari na kakao zinaelea katika mafuta, na maji ni haba mno. Kijiko kimoja cha maji kikiangukia humo, chembe za sukari hulowana, hunatana, na chokoleti yote hukakamaa ghafla ikawa madonge. Mwenye kupika huona ameiharibu. Ajabu ni kwamba dawa yake ni maji zaidi. Maji yakitosha, sukari yote huyeyuka, mafuta hugawanyika kuwa matone, na rojo hurudi kuwa laini. Hilo ndilo rojo la vitonge.

Hatari ya kutooka

Kuoka huua vijidudu. Chakula kisichookwa hukosa kinga hiyo ya mwisho. Kwa hiyo kila kitu kinachotiwa ndani yake lazima kiwe kimekwisha kupata moto wake. Biskuti zimeokwa. Unga wa kakao umetokana na mbegu zilizokaangwa. Maziwa ya kopo yamepashwa moto kiwandani. Lakini unga wa ngano haukupikwa, ingawa ni mkavu na mweupe. Mwaka 2016, nchini Marekani, makumi ya watu waliugua kwa bakteria wa E. koli waliotoka katika unga mbichi. Unga huo, pamoja na mayai mabichi, haufai kutiwa katika vitonge. Wala mtu asitegemee chokoleti iliyoyeyushwa iue vijidudu: joto lake ni dogo, na mafuta na ukavu wake huvikinga badala ya kuviangamiza.

Kinga nyingine ni sukari. Maziwa mazito ya kopo yenye sukari yana maji. Ila maji hayo yameshikwa na sukari, ambayo ni zaidi ya asilimia 40 ya uzito wote. Bakteria wanaoangukia humo hukosa maji ya kuwatosha kuzaana. Tui na malai havina kinga hiyo, na huchacha upesi.

Namna mbili za kutengeneza

Namna ya kwanza ni ya nyumba yenye jokofu. Hutwaliwa gramu 200 za chokoleti nyeusi, zikakatwakatwa vipande vidogo bakulini. Gramu 100 za tui zito au malai hupashwa moto huku zikikorogwa, hata zianze kuchemka, kisha humiminwa juu ya chokoleti. Baada ya dakika mbili mchanganyiko hukorogwa polepole kuanzia katikati, hata rojo ling'ae. Likipoa huwekwa jokofuni kwa saa mbili, likachotwa kwa kijiko, likafinyangwa upesi na kugaragazwa katika unga wa kakao. Vitonge hivi vikae katika baridi na viliwe kwa siku chache.

Namna ya pili haihitaji jokofu. Gramu 200 za maziwa mazito ya kopo huchanganywa na gramu 30 za unga wa kakao. Kisha hutiwa biskuti zilizopondwa, kidogo kidogo, kiasi cha gramu 150, hata mchanganyiko usinate mikononi. Biskuti kavu huyafyonza maji machache yaliyopo na kuufanya mchanganyiko uwe mgumu. Vitonge hivi hustahimili joto la chumba kwa siku mbili tatu, vikifunikwa vizuri.

Majaribio ya darasani

Mwalimu aweza kuyaonyesha mambo haya kwa gharama ndogo. Kwanza, gramu 50 za chokoleti ziyeyushwe katika bakuli lililowekwa juu ya maji moto. Kitiwe kijiko kimoja cha chai cha maji, na wanafunzi waone inavyokakamaa. Kisha viongezwe vijiko vitatu au vinne vya kula vya maji moto, huku wakikoroga, wapate kueleza kwa nini imelainika tena. Pili, glasi moja itiwe maziwa mazito ya kopo, na nyingine maziwa yale yale yaliyochanganywa na maji mara tatu ya ujazo wake. Zote zifunikwe na kuachwa siku tatu, kisha zilinganishwe kwa macho. Asiwepo wa kuzionja.

Moto ni wa nani?

Wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, inajulikana sana kwa kilimo cha kakao nchini Tanzania, kama ilivyo Bundibugyo nchini Uganda. Rundo la mbegu lililofunikwa majani ni sehemu ya maisha ya huko. Lakini sehemu kubwa ya mbegu hizo huondoka nchini zikiwa kavu, hazijakaangwa. Moto wa pili, ule uzaao harufu na bei kubwa, huwashwa ng'ambo, na chokoleti hurudi madukani kwa thamani ambayo si kila mkulima awezaye kuimudu.

Kukaanga na kusaga mbegu kidogo kidogo si jambo gumu. Hata kikaango na kinu huweza kuonyesha jinsi linavyotendeka. Kugumu ni kuyatawala mafuta katika nchi ya joto: kuzipanga fuwele, kuhifadhi na kusafirisha. Hayo ni maswali ya fizikia na kemia. Mwanafunzi wa Kyela aliyewahi kushika mbegu mbichi kwa mkono mmoja na kitonge kwa mkono wa pili ana sababu njema ya kuanza kuyatafutia majibu.