Mfanyakazi Mpya Dukani: Wiki ya Kwanza Ndiyo Inaamua

Umepata kijana wa kukusaidia dukani. Jumatatu asubuhi unamwonyesha bei, unamwachia simu ya biashara, halafu unakimbia kuleta mali. Saa sita mteja anachukua bidhaa za shilingi 3,200, anaonyesha meseji ya malipo kwenye simu yake, anaenda zake. Jioni ukipiga hesabu, pesa hazipo. Meseji ilikuwa feki.

Kabla ya kumgombeza, jiulize: nani alimfundisha?

Kabla hajaanza

Andikeni makubaliano: mshahara, saa za kazi, siku ya kupumzika. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi. Elezaneni pia pesa zikipungua itakuwaje. Huwezi kumkata mshahara kwa kila upungufu. Ni lazima uwe umetokana na uzembe wake au kukosa uaminifu, na mkataba useme wazi kwamba amekabidhiwa pesa.

Siku ya kwanza: akae kando yako

Mfundishe mambo matatu tu, lakini ayashike:

1. Malipo yanathibitishwa kwenye simu ya duka, si ya mteja. Aangalie kiasi na jina, na kama pesa imeingia kwenye till.
2. PIN ni siri ya mwenyewe. Usimpe yako. Kama programu yako ya biashara inaruhusu kuongeza wahudumu, msajili kwa laini yake, ili ujue nani alihudumu.
3. Mtu akipiga simu akidai anatoka kampuni na anataka PIN, akate. Na akiambiwa arudishe pesa "iliyotumwa kimakosa", asirudishe kitu kabla ya kuangalia salio na kukuuliza wewe.

Siku ya pili hadi ya tano: badilishaneni nafasi

Sasa yeye ahudumu, wewe utazame. Mjaribu kidogo: mwonyeshe meseji uliyojiandikia mwenyewe, uone kama ataangalia simu ya duka. Matapeli hupenda wakati wa foleni, kwa hivyo mpe ruhusa ya kusema, "Ngoja kidogo boss, nione kama imeingia." Mteja mwaminifu hatakasirika.

Kila jioni fungeni hesabu pamoja: pesa taslimu, salio la till na bidhaa zilizotoka. Hata kama ni shilingi 50 haionekani, itafuteni siku hiyo hiyo.

Asiogope kusema

Mfanyakazi anayeogopa kufokewa huficha makosa. Mwambie mapema: ukikosea, niambie sasa hivi. Pesa iliyoenda nambari isiyofaa ina nafasi nzuri ya kurudi ikiripotiwa mara moja, kabla mpokeaji hajaitoa. Ukingoja hadi kesho, pengine imeshatumika.

Wiki moja ya kukaa naye ni kazi, ndiyo. Lakini baada ya hapo utaenda sokoni na roho yako itatulia.